Setilaiti Ni Fani ya Kusomewa: Nasaha kwa Vijana wa Meru na Embu



 Leo nazungumza juu ya kitu mnachokiona kila siku juu ya mapaa, kuanzia Maua na Meru mjini hadi Runyenjes na Embu: dishi. Hebu tujiulize. Nani analifunga? Amesomea wapi? Na kwa nini asiwe kijana wa hapa kwetu, awe mvulana au msichana?

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Setilaiti nyingi za televisheni zinakaa juu ya mstari wa ikweta, umbali wa kilomita 35,786. Zinazunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo sisi tukiwa chini tunaziona kama zimesimama. Sasa, ikweta inapita kilomita chache tu kutoka Meru mjini, na Embu iko kama kilomita 60 kusini yake. Maana yake ni kwamba setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, ambayo hutumika kwa televisheni hapa kwetu, iko karibu na utosi. Ndugu zetu walioko London dishi lao linatazama chini kuelekea kusini, lakini la Meru linatazama juu. Fundi anayefuata picha za vitabu vya ng'ambo bila kuelewa hesabu yake atahangaika juu ya paa siku nzima. Tena dishi lililolala namna hiyo linaweza kutuamisha maji msimu wa mvua, na mvua kubwa yenyewe hudhoofisha mawimbi.

Msiogope hesabu hizo. Anayejua kutafuta kibla kwa dira ameshaanza somo. Kutoka Meru au Embu, Makka iko kaskazini, ukigeuka kama nyuzi 6 hivi upande wa mashariki. Fundi wa setilaiti naye anatafuta upande, kisha anaongeza mwinuko, kisha anakizungusha kile kichwa cha mbele mpaka mawimbi yaingie sawa. Fizikia na hisabati za sekondari ndizo zinazofungua mlango huu, kwa hiyo usizitupe kwa sababu wenzako wamesema ni ngumu.

Lakini kuna jambo linalomtenga fundi aliyesomea na mbahatishaji. Dishi la televisheni linapokea tu. Ukilikosea, hasara ni yako, hutaona picha. Mtambo wa VSAT, ule unaowekwa kwenye tawi la benki au kituo kilicho mbali na waya, unapokea na pia unatuma. Ukiuelekeza vibaya, mawimbi yako yanamwagikia setilaiti ya jirani na kuvuruga mawasiliano ya watu usiowajua, pengine katika nchi nyingine kabisa. Ndiyo sababu kabla mtambo haujaruhusiwa kutuma, fundi huwasiliana na chumba cha udhibiti cha wenye setilaiti, wakapima pamoja mpaka wote waridhike. Haki ya jirani tunaijua sote, na katika kazi hii jirani hata humwoni.

Wengine watasema, "Si mambo ya setilaiti yamepitwa na wakati? Siku hizi ni faiba." Ni swali zuri. Kituo cha Longonot kule Bonde la Ufa kilifunguliwa mwaka wa 1970, na kwa miaka mingi mawasiliano ya Kenya na ng'ambo yalitegemea sana setilaiti. Mwaka wa 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini, na wengi wakadhani dishi limekwisha. Lakini Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Tena ukishuka kutoka Meru kuelekea Isiolo na kaskazini zaidi, ziko sehemu nyingi ambazo faiba haijafika. Waya na setilaiti ni ndugu wawili, mmoja akilemewa mwingine anabeba.

Hata hivyo, nawaambia ukweli wote. Tangu Julai 2023 huduma ya Starlink imekuwa ikiuzwa Kenya. Setilaiti zake ziko chini sana, kama kilomita 550, na dishi lake linajipangia mawimbi lenyewe. Mteja anaweza kulifunga mwenyewe jioni moja. Kwa hiyo kijana aliyejifunza kukaza nati na kuzungusha dishi peke yake, soko lake linapungua. Anayebaki na kazi ni yule anayejua mizizi ya mambo: umeme na sola, kinga ya radi, mawimbi ya redio, na jinsi ya kusambaza intaneti ndani ya shule au hospitali yote. Kifaa kitabadilika baada ya miaka mitano, lakini mizizi hiyo itakufuata kwenye kila kifaa kipya. Soma fani, usisomee kifaa.

Pa kuanzia si mbali. Meru National Polytechnic inafundisha umeme na elektroniki. Kaunti ya Embu kuna chuo cha ufundi cha Jeremiah Nyagah. Chuo Kikuu cha Meru pale Nchiru na Chuo Kikuu cha Embu vinafundisha kompyuta. Anayetaka kuzama katika mawasiliano yenyewe, Nairobi kuna Multimedia University, ambayo mizizi yake ni shule ya mafunzo ya posta na simu ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka wa 1948. Na uliyejifunza kazi kwa mkono bila cheti, NITA inatahini mafundi. Usikae na ujuzi usio na karatasi.

Wazazi, hapa nawaomba sikio. Karo inatoka kwenye miraa, majani chai, kahawa au ng'ombe aliyeuzwa. Kabla hujalipa, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya elimu ya ufundi. Uliza mtihani unatungwa na nani. Omba uonyeshwe karakana, si ofisi iliyopakwa rangi tu. Chuo kinachofundisha mawasiliano bila kifaa cha kupimia mawimbi kinauza karatasi. Na kama karo ni nzito, wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia huomba mkopo wa HELB.

Nawe kijana, usingoje mpaka Idi ipite. Wiki hii tafuta fundi mwaminifu mtaani kwako, umwombe umbebee ngazi. Tazama anavyofunga waya wa ardhini, uliza kila jambo, andika. Mwezi huu umetufundisha kuvumilia njaa ya mchana kwa kutazamia futari. Miaka miwili au mitatu ya karakana ni subira ya namna hiyo hiyo.