Ukerewe tusihesabiwe siku ya msiba tu

Ndugu zangu, na wewe msomaji ambaye hukuwapo ukumbini,

Nimepewa mada inayoitwa "Jiografia na watu wa Ukerewe". Mimi si profesa. Nimeishia kidato cha nne na kazi yangu ni kuandika habari kwa kujitegemea. Lakini jiografia hii haitaki profesa. Inamtaka mtu aliyewahi kusimama gatini akisubiri kivuko.

Chukua ramani ya Mkoa wa Mwanza. Utaambiwa wilaya yetu ina kilomita za mraba 6,400. Usidanganyike! Nchi kavu ni kama 640 tu. Zilizobaki zote ni Ziwa Victoria. Visiwa ni 38. Kikubwa ni Ukerewe chenyewe, yaliko makao makuu, Nansio. Kinachofuata ni Ukara. Vingine vingi ni vidogo, na baadhi ni kambi tu za wavuvi wa dagaa na sangara, wanaokuja na kuondoka.

Sasa watu. Sensa ya 2012 ilitukuta zaidi ya 345,000. Ya 2022 ikatukuta zaidi ya 387,000. Tugawanye kwa hiyo nchi kavu: kila kilomita ya mraba ina watu wapatao 600, wakati wastani wa Tanzania nzima ni karibu 70. Ndiyo maana shamba la babu limegawanywa hadi limekuwa bustani. Wakara walijifunza zamani kulima bila kuipumzisha ardhi: ng'ombe hufungwa ndani, hukatiwa majani, na samadi yake hupelekwa shambani. Wataalamu wa Ulaya walikwenda Ukara kuyaandika hayo. Na bado ardhi haikutosha; wengi walihamia bara kutafuta mashamba.

Anayebaki anaishi kwa kuvuka. Mgonjwa wa rufaa anavuka. Muuza machungwa anavuka. Mwalimu anavuka. Kwetu kivuko ndiyo barabara.

Je, wanaopanga mipango wanalijua hilo? Alhamisi, 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao ni 228. Soma tena tarakimu hizo, ndugu msomaji. Na kwa siku kadhaa hakuna aliyeweza kutaja kwa hakika idadi ya waliopanda. Nchi inayojua kumhesabu mtu mpaka kitandani mwake usiku wa sensa ilishindwa kusema ni wangapi walikuwa ndani ya kivuko kimoja mchana kweupe!

Wapo watakaosema abiria walijazana wenyewe. Kweli, walijazana. Lakini mtu wa Ukara akikiacha kivuko anapanda nini? Mtumbwi. Hapo umempa uhuru gani wa kuchagua?

Baada ya msiba kivuko kikubwa zaidi kilijengwa, na fedha za rambirambi zikakipanua kituo cha afya cha Bwisya. Tunashukuru. Ila najiuliza: kwa nini huduma ije na rambirambi? Watu walikuwapo kabla ya majeneza, na hesabu yao ilikuwa ofisini. Tena MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996 katika ziwa hilihili, ilikuwa imekwisha kutufundisha. Tulilia, tukazika, tukasahau.

Kwa hiyo, kiongozi yeyote akija kijijini kwenu, wa chama chochote, hata changu, msimpigie makofi kwanza. Mwulizeni maswali matatu. Kisiwa hiki kina watu wangapi? Kivuko chao kinabeba wangapi? Kikiharibika leo, cha akiba kiko wapi?

Akishindwa kujibu, mwambieni arudi kusoma jiografia. Aanzie gatini.