TIMU NI YA NANI?

Mazungumzo kwa wanakisomo wa Chamwino



Leo tunaweka kando habari za mtama na mbolea. Tunazungumza habari za mpira. Msishangae, mpira nao ni somo. Mtu anayejua kusoma na kuandika ana kazi kubwa katika timu, hata kama miguu yake haiwezi tena kukimbia.

Tuanze na swali. Simba ni ya nani? Yanga ni ya nani? Siku ya mechi, redio zikifunguliwa hapa kwetu, kila mtu anasema "timu yetu". Mwenye jezi nyekundu anasema hivyo. Mwenye jezi ya kijani na njano naye anasema hivyo hivyo. Je, ni yetu kweli? Tutazame historia.

Zilivyoanza

Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Jina lake kamili ni Young Africans, maana yake Vijana wa Kiafrika. Wakati ule nchi yetu iliitwa Tanganyika na ilitawaliwa na Waingereza. Kabla yao walitutawala Wajerumani. Vijana walitaka timu yao wenyewe, na jina walilochagua lilikuwa linasema: na sisi Waafrika tumo.

Mwaka uliofuata, 1936, wenzao wengine walitoka, wakaunda timu nyingine. Timu hiyo ilipita katika majina mengi. Iliitwa Queens, ikaitwa Eagles, halafu Sunderland. Sunderland ni mji wa Uingereza, nao una timu yenye jina hilo hilo. Chini ya jina hilo la kigeni timu hiyo ilichukua ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa, mwaka 1965. Mwaka 1971, miaka 10 baada ya Uhuru, jina la kigeni likaachwa. Timu ikaitwa Simba.

Basi, ndugu zetu, hawa wanaotaniana kila siku walitoka katika nyumba moja.

Ugomvi na mgawanyiko

Katikati ya miaka ya 1970 Yanga iligawanyika tena. Waliotoka wakaanzisha Pan African. Timu hiyo ilikuwa na nguvu, ikachukua ubingwa wa nchi mwaka 1982. Leo Pan African haimo katika Ligi Kuu.

Zipo na timu za mikoani zilizowahi kuwanyang'anya Simba na Yanga ubingwa. Mseto ya Morogoro ilifanya hivyo mwaka 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya ilifanya hivyo mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga ilifanya hivyo mwaka 1988. Lakini leo ukimwuliza kijana habari za Mseto, atakuuliza, "Mseto gani?" Kumbe kushinda ni jambo moja, na kudumu ni jambo jingine.

Mshabiki na mwanachama

Sasa turudi kwenye swali letu. Timu ni ya nani?

Timu nyingine zina mwenyewe anayejulikana. Kwa mfano, Dodoma Jiji, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2020, ni timu ya Halmashauri ya Jiji la Dodoma. Simba na Yanga zilikua kwa njia nyingine. Zilikua kwa wanachama. Mwanachama ni mtu aliyejiandikisha, akalipa ada, akapewa kadi. Anaingia kwenye mkutano. Anasoma katiba. Anauliza hela zimekwenda wapi.

Mshabiki yeye hupiga makelele. Mwanachama hupiga kura. Wote wawili wanaipenda timu, lakini mwenye neno siku ya mkutano ni yule ambaye jina lake limo daftarini.

Wanachama na washabiki wakiamua jambo, linakwenda. Mwaka 2018 na 2019 Yanga ilipungukiwa sana na fedha. Watu walichangishana, mwenye kingi na mwenye kidogo. Timu haikufa. Mwaka 2023 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Simba nayo ilicheza fainali ya Afrika mwaka 1993, na nyingine mwaka 2025. Kombe halikuja nyumbani mara zote hizo, lakini majina yetu yalisikika Afrika nzima.

Hesabu ya 51 na 49

Siku hizi mpira unataka fedha nyingi. Matajiri wanakuja na kusema, "Tutaleta fedha, na sisi tupewe sehemu." Si jambo baya. Lakini wapewe sehemu gani?

Mwaka 2017 wanachama wa Simba walikubali kuibadili klabu iwe na kampuni. Serikali ikaweka sharti: wanachama wabaki na 51 katika kila 100, na wawekezaji wasizidi 49. Mwaka 2021 wanachama wa Yanga nao walikubali mpango wa namna hiyo.

Tufanye hesabu. Chukua madebe 100 ya mtama. Madebe 49 ni ya mwekezaji, madebe 51 ni ya wanachama. Tofauti ni madebe mawili tu. Lakini madebe hayo mawili ndiyo yanayoamua nani atasema neno la mwisho.

Hata Wajerumani, waliotutawala zamani, wana hesabu kama hiyo. Tangu mwaka 1998, katika ligi yao klabu ikiunda kampuni, kwa kawaida wanachama lazima wabaki na nusu ya kura, na kura moja juu yake. Iko klabu moja huko iitwayo Schalke, katika mji wa Gelsenkirchen. Ilianzishwa mwaka 1904, mahali pa wachimbaji wa makaa ya mawe. Migodi imefungwa, lakini klabu ipo, na mpaka leo ni ya wanachama.

Na sisi hapa?

Vijijini kwetu timu hufa mapema. Kwa nini? Mara nyingi si kwa kukosa wachezaji. Hela ya kununua mpira imechangwa, mpira hauonekani. Hakuna aliyeandika nani katoa na nani kapokea. Watu wananung'unika, kisha wanagawanyika. Mwisho, kiwanja kinabaki cha mbuzi.

Dawa yake ni madaftari matatu. La kwanza ni la majina ya wanachama. La pili ni la fedha: zilizoingia, zilizotoka na zilizobaki. La tatu ni la mikutano: tulikutana lini, tukakubaliana nini. Kila anayetoa hela apewe stakabadhi, hata ikiwa shilingi 500.

Nani ataandika? Wanakisomo mpo! Na kina mama msikae pembeni. Simba Queens, timu ya wanawake, ilikwenda Morocco mwaka 2022 kwenye mashindano ya klabu za wanawake za Afrika. Mama anayeandika hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa anaweza kuandika hesabu za timu vizuri kabisa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Timu nayo ni mali. Tukitaka kusema "timu yetu" na iwe kweli, tuandike majina yetu, tulipe ada, twende mkutanoni na tusome kilichoandikwa kabla ya kunyoosha mkono.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Mshabiki na mwanachama wana tofauti gani?
2. Kwa nini wanachama wabaki na 51 na si 49?
3. Timu ya kijiji chetu ina madaftari mangapi? Yanakaa kwa nani, na nani anaruhusiwa kuyasoma?