Kijana wa Nyumbani Anapokuwa Msumbufu Kazini
Mazungumzo ya mwanachama kwenye mkutano wa mwaka, kabla ya harambee



Kamati imenipa dakika chache nizungumzie wafanyakazi wasumbufu. Nadhani imenichagua kwa sababu inajua yaliyonikuta.

Wengi wetu tulioteremka kutoka Malindi kwenda Tanga na Dar es Salaam tunaajiri watu wa nyumbani. Mwenye kupokea magunia ya kabichi ana kijana wa kupakua, mwenye duka ana mpwa wake kaunta. Mkataba hatuandiki, maana ni mtoto wetu. Akikosea tunanung'unika pembeni, tunapiga simu kwa mama yake, na siku tukichoka tunamfukuza kwa hasira.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Kijana wangu wa dukani alikuwa anachelewa karibu kila siku, ukimuuliza anajibu kwa mkato. Hesabu za jioni zikawa hazitimii. Nikamkata nusu ya mshahara miezi mitatu mfululizo. Asubuhi moja alipofika saa tatu nikamwambia, mbele ya wateja, achukue vitu vyake aende.

Wiki ya tatu nikapata wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kijana alijua kitu ambacho mimi sikukijua: anayeachishwa ana siku 30 za kupeleka shauri lake. Msuluhishi akaniuliza kwa upole kabisa: mkataba uko wapi? Barua ya onyo? Kikao kilikaa lini? Nilibaki natazama mikono yangu. Kuchelewa kwake kulikuwa kweli, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili, sababu ya haki na utaratibu wa haki, na mimi sikuwa na hata karatasi moja. Sheria hiyo ilivyoandikwa ilitaja fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12. Tukapatana pale pale kwenye usuluhishi, nikalipa. Na yale makato nayo yalikuwa makosa. Hasara ikitokea, mfanyakazi aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara.

Lakini fedha si ndiyo iliyoniuma. Baadaye niligundua kwamba upungufu ulitokana na mdogo wangu wa kuzaliwa, aliyekuwa akichukua mali kwa mkopo bila kuandika. Kijana alikuwa anamjua. Angemsemaje ndugu wa tajiri? Na kuchelewa: alikuwa amehamia mbali kwa sababu ya kodi, anapanda magari mawili. Sikuwahi kumuuliza. Nilipokuja nyumbani sikukuu iliyofuata, mama yake alinipita njiani bila salamu.

Wazee hapa wanakumbuka habari za matuta. Mwaka 1946 Waingereza walianzisha mpango wa Mlalo wa kuhifadhi udongo, baadaye ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Watu waliogoma kulima matuta waliitwa wakaidi, wakatozwa faini. Ni wachache waliouliza kwa nini mama mwenye shamba la mteremko na watoto mgongoni anakataa. Mpango ukafa kabla ya uhuru. Nilipokuwa nalipa ile fidia niliwaza kwamba nimekuwa kama bwana shamba yule.

Sasa msinielewe vibaya. Wapo wasumbufu wa kweli. Nilikuwa na mtunza stoo mwenye mdomo mchafu, anatukana wateja. Huyu nilimwandikia tuhuma zake kwa Kiswahili cha kueleweka, nikampa zaidi ya saa 48 za kujiandaa, nikamruhusu aje na mfanyakazi mwenzake. Kikao hakikuongozwa na mimi niliyegombana naye. Aliongoza mshirika wangu wa biashara. Akakiri, akapewa onyo la mwisho kwa maandishi. Baada ya miezi michache alirudia. Tukakaa tena, akaondoka na haki zake zote, na mpaka leo tukikutana tunasalimiana.

Kazi yote ile ilichukua karatasi nne na jioni mbili. Wakati ule nilikuwa naona ni mambo ya makampuni makubwa.

Ninayasema haya leo kwa sababu mradi wa maji tunaouchangia utaajiri mlinzi, fundi wa mabomba na mtu wa kukusanya ada. Wote watakuwa watoto wa watu waliomo humu ndani. Fundi akifunga maji ya mtaa mmoja kwa ugomvi wake, nani atamwita? Mjomba wake aliye kwenye kamati? Naomba kamati iandike mikataba kabla ya bomba la kwanza kufukiwa, na itaje mapema nani ataongoza kikao mtu akikosea. Ndugu wa mhusika akae pembeni siku hiyo.

Mimi na mke wangu tunatoa mifuko 20 ya saruji. Mikataba hiyo mitatu nitaichapa mwenyewe, bila malipo, Katibu aniletee majina tu.