Njia ya zamani inaweza kutulisha, tukipatana mbele

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba, washefu na wafadhili, hapa Wamaza



Najua neno "utalii" linachekesha hapa. Mtu amerudi, amekuta nyumba imechomwa, shamba limekuwa pori, kisha sisi watu wa miradi tunamletea habari ya watalii. Atauliza: mgeni gani atakuja huku, na barabara hii, na barieri hizi? Ni ulizo la haki. Sitawadanganya kwamba watakuja kesho.

Lakini tuangalie tuko na nini. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara ya kutoka Ujiji. Livingstone alikwama pale kuanzia 1870 mpaka mwanzo wa 1871, miguu imejaa vidonda. Kasongo ilikuwa makao makubwa ya Tippu Tip, mpaka askari wa Leopold II wakaikamata mwaka 1893. Na Nyangwe, kando ya Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara walipiga bunduki katikati ya soko lililojaa wamama. Watu mamia walikufa. Livingstone aliona kwa macho, akaandika, na habari ile ilisaidia kuisukuma Uingereza imbane Sultani Barghash, akafunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Leo, kule Zanzibar, palipokuwa soko lile kuna kanisa kubwa la Waanglikana, na wageni wa dunia nzima wanalipa kuingia. Anayewatembeza anapata mshahara, anayepika anauza, mwenye chumba anapangisha. Na habari wanayosimuliwa inaanza huku kwetu. Mwisho wa njia watu wanakula. Mwanzo wa njia tumebaki na huzuni peke yake.

Wazee wengine wanauliza: mutauza machozi ya babu zetu? Hapana. Tusiposimulia sisi wenyewe, mwingine atasimulia vile anataka. Na tukiacha mahali pa zamani pabomolewe ao pachimbwe, hakutabaki kitu cha kusimulia.

Tena wageni wa kwanza hawatakuwa Wazungu. Atakuwa mwalimu wa Kindu na wanafunzi wake. Watakuwa watoto wetu wa Bukavu na Lubumbashi, na wale waliozaliwa kambini Nyarugusu, wanaosikia tu jina la kwao. Hawa hawaombi hoteli. Wanaomba chumba safi, maji, choo, sahani ya bugali na sombe. Na siku mtalii hayuko, chumba kile kitamlaza mchuuzi na nesi anayepita. Franka haitapotea.

Lakini kuna jambo moja la kuogopa: pesa isiyo na karatasi. Dhahabu tumeiona. Ilitoka, tukabaki na mashimo na magomvi. Uganda, sheria inasema asilimia 20 ya pesa za kuingia mbugani zirudi kwa majirani wa mbuga. Rwanda, tangu 2017, ni asilimia 10 ya mapato ya utalii wa mbuga. Majirani wale wanaweza kudai, juu imeandikwa.

Njo maana naomba mambo matatu. La kwanza: washefu waonyeshe mahali pa zamani, na pasiguswe. La pili: vijana wakae na wazee, waandike habari kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, kabla wazee hawajatuacha. La tatu: tuandike sasa, mbele mgeni hajafika, nani anapata ngapi: kijiji, mtembezaji, wamama wa chakula. Waliorudi na waliobaki waweke vidole pamoja. Tukigawa kwa waliorudi peke yao, tumeanzisha vita ingine kwa mikono yetu.

Kwa wafadhili: musitujengee jumba. Tusaidieni vyoo, maji na madaftari, na museme nasi kwa wakubwa juu ya barieri. Mgeni akilipa mara tano njiani, hatarudi, na atawaambia wenzake.

Mkutano unaokuja, tuchague watu wa kuandika karatasi ile, nusu yao wamama. Hiyo haiombi pesa ya mtu yeyote. Inaomba sisi wenyewe.