Dakika 60 za Mchezo, Binti Naye Asiachwe



Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Takwimu zake za 2016 zaonyesha vijana 81 kati ya 100 duniani hawafikii hapo, wasichana zaidi.

Mtoto mdogo hukimbia vichochoroni bila kuambiwa. Akibaleghe, simu humkalisha. Binti huambiwa amekua, aache kucheza. Viazi karai na soda haviachwi. Hapo ndipo uzito huongezeka.

Alasiri, wakitoka chuoni, wapelekeni Mama Ngina au Makadara, wavulana kwa wasichana. Msimcheke mtoto mnene, tembeeni naye.