BUNDUKI YA PILI YA KULINDA SHAMBA: TUNUNUE IPI?

(Mazungumzo ya Kamati ya Ulinzi wa Mashamba mbele ya wanachama. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Mlitutuma tukaulize. Tumekwenda, tumeuliza, tumerudi. Mkutano uliopita ulikubali ushirika utoe mkopo kwa mlinzi mmoja anunue bunduki ya pili. Hapo zikazuka kelele: huyu anataka raifali kubwa kama ya askari wanyamapori, yule anataka ya bei rahisi yoyote ile ilimradi inalia. Leo tutasema tulichokiona, na kuamua mtaamua wenyewe.

Kwanza tukumbushane tatizo. Shotigani moja tunayo, ya mzee wetu wa upande wa mtoni, na kibali chake kipo. Usiku nguruwe pori wakiingia kwenye mihogo anaitwa yeye, na kazi anaifanya. Lakini someni daftari la zamu. Mchana ndiko tunakoliwa zaidi, na wanaotula ni ngedere. Wanaingia kwenye mahindi mabichi, kila mmoja anavunja bunzi, anang'ata mara mbili, analitupa, anavunja lingine. Mzee anatoka mtoni mbio, akifika wako mbali, wamekaa ukingoni mwa shamba wanamtazama. Marisau ya shotigani nguvu yake ni hatua thelathini au arobaini hivi, baada ya hapo yanatawanyika na kuchoka. Ngedere amekwisha kulijua hilo kuliko sisi. Tena fataki moja ya shotigani inazidi sana bei ya risasi moja ndogo. Mzee amelalamika, na ana haki.

Kwa hiyo tunachotafuta ni bunduki ya kupiga mnyama mdogo, mchana, hatua hamsini mpaka themanini, kwa risasi ambayo mkulima anaweza kuinunua. Basi. Hatutafuti bunduki ya tembo. Tembo akija tunampelekea habari afisa wanyamapori, hiyo si kazi yetu wala ya mkopo wetu. Vijana waliotaka .375 watusamehe: hiyo ilitengenezwa kwa nyati na simba, na risasi zake chache tu zingekula fedha ya mbegu.

Zikabaki mbili za kuzungumziwa, na zote zinaitwa pointi ishirini na mbili, ndiyo maana watu walikuwa wanabishana bila kuelewana.

Ya kwanza ni ile .22 ndogo inayojulikana na wengi. Risasi yake ilianza kutengenezwa Marekani mwaka 1887 na mpaka leo inatengenezwa dunia nzima, ndiyo maana ni rahisi kuliko nyingine. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 hivi. Haipigi teke begani, haina kishindo kikubwa, na kasha moja lina risasi 50.

Ya pili inaitwa .22 Hornet, yaani mavu, na jina limeikaa kweli. Ilitoka mwaka 1930. Kichwa ni karibu kilekile, ila baruti ni nyingi zaidi, na kinakwenda karibu mita 800 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Inafika mita 150 bila wasiwasi, na hata nyani dume haimshindi. Tuseme kweli, sisi wenyewe katika kamati tuliipenda. Tukaenda dukani tukauliza risasi zake. Muuza duka akatutazama, akasema mpaka ziagizwe. Lini? Hajui. Bei? Akiziagiza atatuambia. Tukarudi tumenyamaza. Bunduki nzuri isiyo na risasi mtaitundika ukutani karibu na hili gazeti.

Ile .22 ndogo, risasi zilikuwa rafuni. Kwa hiyo tunapendekeza hiyo. Bei zote ziko kwa mweka hazina, hapa hatuziandiki maana zinapanda kabla wino haujakauka.

Lakini msikilize na ubaya wake. Hii si bunduki ya nguruwe. Nguruwe pori ukimpiga nayo hafi pale, anaingia kichakani na jeraha, na kesho anamkuta mtoto anayeokota kuni. Nyani dume vilevile. Atakayepewa mkopo atasaini mbele ya mkutano kwamba nguruwe na nyani ni wa shotigani. Kuna ndugu alipendekeza bunduki ya upepo, kwamba ni rahisi zaidi. Kwa panya sawa, kwa ngedere hapana.

Sasa mpya au iliyotumika? Mpya ya bei ya chini tuliiona, tukaona na ya zamani aina ya Brno, zile zilizotengenezwa Chekoslovakia kabla nchi ile haijagawanyika mwaka 1993. Hizi za kuvuta bolti kwa mkono, risasi moja moja. Sisi tunaona ya zamani iliyotunzwa ni afadhali, na fedha itakayobaki inunue risasi. Ila ya zamani ikaguliwe. Toa bolti, tazama ndani ya mtutu kuelekea mwangani: ile mifereji inayoizungusha risasi ionekane safi na kung'aa, isiwe na vijishimo vya kutu. Bolti ikifungwa isicheze. Kitako kisiwe na ufa pale kwenye skrubu. Na namba iliyogongwa kwenye chuma iwe ileile iliyo kwenye karatasi za muuzaji. Ikitofautiana hata tarakimu moja, aga uondoke.

Halafu ipigwe. Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika, wananunua bunduki kama wanavyonunua redio, kwa kuitazama sura. Muuzaji mwenye nia njema atakubali ijaribiwe mahali panaporuhusiwa. Laza mtutu juu ya mfuko wa mchanga, mita 50, piga risasi tano bila kubadilisha chochote. Matundu yote matano yakifunikwa na mdomo wa kikombe cha chai, bunduki hiyo inafaa, hata kama matundu yamekwenda pembeni ya alama. Kwenda pembeni si ugonjwa. Unasogeza ule ufa wa kulengea wa nyuma kuelekea upande unaotaka risasi iende, unapiga tena. Ugonjwa ni matundu kutawanyika huku na huku.

Waliopita mgambo wanajua haya, lakini wengi wetu hatujui jambo la pili: risasi hii inaanguka mapema. Ukiilinganisha kwa mita 50, kwenye mita 100 inakuwa imeshuka karibu shubiri moja. Upepo nao unaisukuma. Kwa hiyo mlinzi asipolenga shabaha mara kwa mara atakuwa anawapigia ngedere ngoma tu. Tunaomba mkopo ujumlishe makasha manne ya risasi, na mawili kati ya hayo, risasi 100, zipigwe kwenye shabaha kwanza kabla hajakaa dunguni. Tutamwomba mkuu wa kituo cha polisi atukubalie pale kwenye kichuguu kikubwa nyuma ya ghala la zamani. Udongo wa pale ni mnene, utaila risasi. Mwenye kusema huko ni kuchezea risasi, aje atuambie mahindi mangapi yalichezewa msimu uliopita.

Jamani, hapa tunaomba utulivu. Makasha ya risasi hizi yanaandikwa onyo kwamba zinaweza kufika maili moja na nusu, yaani kilomita mbili na zaidi. Ndogo hivyo hivyo. Pimeni wenyewe: kutoka shamba la mashariki hadi shuleni ni wapi? Hadi kisimani? Ngedere akiwa juu ya mwembe na nyuma yake ni mbingu, asipigwe na raifali. Huyo aachwe, au mzee aje na shotigani, maana marisau hayaendi mbali. Raifali itapigwa kutoka juu ya dungu kwenda chini, ili risasi izikwe ardhini. Kwa hiyo madungu mawili ya mashariki yainuliwe, na miti tunayo. Kuelekea mtoni pia hapana, maana risasi hii ikigusa maji au jiwe inadunda na kwenda isikojulikana.

Kuna waliosema, mbona gobore zipo, tena kwa bei ya mbuzi? Mwaka juzi kijana wetu aliazima gobore la kufulia chuma, lililojazwa baruti kwa kukisia. Likapasuka kwa nyuma. Vidole viwili. Jina hatulitaji, yupo na anasoma ukuta huu, na yeye ndiye aliyetuomba tuseme. Bunduki ile haikuwa na kibali, ikapelekwa kituoni.

Tukigusa kibali: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtambua mtu aliyeandikwa. Maombi yanaanzia serikali ya kijiji, yanapanda wilayani na mkoani, mwisho polisi. Bunduki si jembe, haiazimwi kwa shemeji. Aliyeandikwa akiumwa, bunduki inalala kabatini, imefungwa, na risasi zimefungwa mahali pengine. Na kibali cha bunduki si kibali cha kuwinda. Tunazuia shamba tu. Mnyama akifa shambani anaripotiwa kwa afisa wanyamapori, na nyama na ngozi ni mali ya serikali kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Tunasema hili kwa sababu tumekwisha kusikia watu wanagawana nyama ya mnyama ambaye hajapigwa.

Nani aandikwe? Kamati inamtaja mama mmoja wa zamu ya mashariki. Mnamjua. Mgambo alilenga kuwashinda wanaume wa kundi lake, halewi, na kabati la chuma tayari analo. Wapo walionung'unika kwamba bunduki haikai nyumbani kwa mwanamke. Tuliwauliza wataje mtu mwingine mwenye sifa hizo tatu. Mpaka tulipoachana walikuwa hawajamtaja.

Mwenye jina lingine, au mwenye pingamizi juu ya raifali yenyewe, aandike kwenye daftari lililoko kwa katibu kabla ya Ijumaa jioni. Jumamosi baada ya mnada tunapiga kura, na vijana wa zamu ya mashariki waje na mashoka kwa ajili ya miti ya madungu.

Kamati ya Ulinzi wa Mashamba