Alama za Majaribio Si Hukumu



Baadhi yenu mmeinamisha vichwa kwa sababu ya alama za mtihani wa majaribio. Mtihani wa Taifa unaosimamiwa na NESA bado uko mbele. Huu umewaonyesha tu paa linavuja wapi kabla ya masika. Pitieni makosa somo kwa somo, kisha mkamwulize mwalimu.

Sisi polisi tunamhofia kijana aliyekata tamaa, kwani wenye magendo humngojea karibu na mpaka wa Goma na kumwahidi fedha za haraka. Wazazi, kabla ya kumkaripia mtoto, mwulizeni amekwama wapi. Mkiona anarubuniwa, au akitoweka nyumbani, pigeni 112 bila kuchelewa.

Kujikwaa si kuanguka.